Kikombe kwa Mkono wa Kushoto

Ruth, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza uliyowekea mashine yako ya kufuma, hapa Kimumu. Nimevaa ile sweta ya kijani. Kiwiko kimeanza kutoboka na sijampa mtu airekebishe, kwa sababu sijaona anayefuma mishono midogo kama yako. Bado nakuita mama, kama nilivyokuita tangu siku tuliyokupa jina la mama yangu. Hilo halikuzikwa.

Nina habari njema. Lakini inatoka kwenye jambo nililokukosea, kwa hiyo niruhusu nianzie huko.

Unakumbuka kifafa kilivyokuwa kikikuangusha bila onyo, jikoni, njiani, mara moja mbele ya jiko la makaa. Dawa zilishindwa moja baada ya nyingine. Ndipo daktari akatuchorea ubongo kwenye karatasi: pande mbili, na kati yake daraja la nyuzi. Akasema watalikata daraja hilo, ili dhoruba ikianza upande mmoja isivuke kwenda wa pili. Nilimuuliza kama utabaki mtu mmoja. Akasema, "Mzee, atabaki Ruth." Sikumwamini kabisa. Nimesoma vitabu vingi maishani, lakini kusoma ni kitu kimoja, na kumsindikiza mtoto hadi mlango wa chumba cha upasuaji ni kingine.

Ulirudi. Kuanguka kukakoma. Wiki chache baadaye shangazi zako na wazee wa kanisa wakaja kushukuru. Ulisimama kuwapa chai. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika birika, na wa kushoto ukachukua kikombe, ukamnyooshea mwenyekiti wa wazee. Kwetu mzee hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Hata mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo. Shangazi Leah akasema, "Huo mkono ufundishwe adabu." Nami, badala ya kumjibu, nikakuamuru uukalie. Ukaukalia mchana kutwa kama kuku anayeatamia, ukitabasamu ili wageni wasione aibu.

Kesho yake ukaniambia, "Baba, huo mkono ni wangu pia. Ni vile tu hauna mdomo wa kujitetea."

Sijawahi kusoma kwa bidii kama mwezi ule. Nilijifunza kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaosema. Upande wa kulia unaongoza mkono wa kushoto. Unaona, unatambua, unakumbuka, lakini maneno karibu hauna. Daraja likikatwa, mkono wa kushoto unaweza kushika kitu na mdomo usipate habari.

Ndipo tukaanza mchezo wetu wa Jumamosi, wewe, mimi na kitambaa cha meza. Nilikuwa nikikuwekea kwenye kiganja cha kushoto, chini ya kitambaa, kitu usichokiona. Siku moja nilikuwekea ufunguo wa nyumba yetu ya Ainabkoi. Nyumba yenyewe haipo tangu tulipofukuzwa kule, wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako. Ufunguo nimeubeba kila tulipohamia, na kila mahali nimeupigilia msumari wake kando ya mlango. Nikauliza, "Ni nini hiyo?" Ukasema, "Kijiko. Ama kalamu?" Ukiwa bado unabahatisha, mkono wako wa kushoto ukatoka chini ya kitambaa, ukapita juu ya bega lako na kuutundika ufunguo kwenye msumari nyuma yako. Ukaugeukia ukacheka mpaka ukakohoa. "Kumbe tulikuwa tunajua," ukasema. Ulisema *tulikuwa*. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikasimama uani.

Vijana siku hizi wanasema fulani ni wa ubongo wa kulia ndiyo maana anachora, fulani ni wa kushoto ndiyo maana anajua hesabu. Uliwapinga kwa upole. Uliwaambia sweta haifumwi na upande mmoja. Na kweli, ufumaji ulioujua kabla ya upasuaji mikono yako iliukumbuka pamoja, kana kwamba hakuna kilichokatwa. Mtindo mpya wa shingo ndio uliokutesa. Ulikaa miezi ukiufundisha kila mkono, macho yakiwa mjumbe kati yao. Ukaushinda. Watoto wa shule mbili hapa mtaani wanavaa shingo hiyo. Nikikutana nao njiani asubuhi, ninatembea kama mtu mwenye mali.

Sasa habari yenyewe. Mercy wa jirani, yule uliyekuwa ukimfunga vifungo, kifafa kilimzidi. Daktari akataja upasuaji kama wako. Baba yake akakataa. Alikuja hapa, akakaa kwenye kiti chako, akaniuliza huku akitazama sakafu, "Mzee, niambie ukweli. Walikurudishia mtoto mmoja ama wawili?"

Nilimwambia yote. Kwamba kuna asubuhi mkono mmoja ulifunga kifungo na mwingine ukakifungua, na jambo hilo likapungua polepole. Kwamba si kila mgonjwa hupona kama wewe, na hilo amuulize daktari. Kwamba kilichokuchukua ni kichomi, si kifafa wala kisu. Nikamweleza pia juu ya kikombe, na jinsi nilivyokukalisha juu ya mkono wako mwenyewe. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Kisha nikamjibu: "Mmoja. Mimi ndiye niliyejaribu kumgawa."

Alimaliza chai yake akaenda. Wiki iliyofuata wakampeleka Mercy.

Amerudi, Ruth. Jumapili tulienda kushukuru, na Shangazi Leah akiwemo, sasa anatembea kwa mkongojo. Mercy akaja na chai. Mkono wa kulia ulikuwa na sahani ya mandazi, na wa kushoto ukaninyooshea kikombe. Nilisikia watu wakishika pumzi. Nilisimama, magoti haya yakilalamika, nikakipokea kwa mikono yote miwili na kuinamisha kichwa kama anayepokea kutoka kwa mkubwa wake. Halafu Leah akasema, "Mercy, niletee na mimi. Kwa huo huo."

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe.

Kuanzia Jumamosi ijayo Mercy atakuja, na kitambaa tutakitandika. Ufunguo utakuwa miongoni mwa vitu. Nakuahidi sitamkosa Jumamosi hata moja maadamu miguu inanifikisha mlangoni, na nikisikia mtu akiutukana mkono wake, nitakuwa mdomo wa huo mkono.

Pumzika, mama. Tutakapoonana, nisalimie kwa mkono utakaowahi.

Baba yako