Kufuli na Moyo wa Kampuni

Jumatatu, 3 Machi
Mama amerudi kutoka kazini na barua ya wakili wa kampuni yao. Karatasi nene kuliko cheti changu cha kuzaliwa. Kosa lake: aliliambia shirika la haki za binadamu kwamba washonaji wa kiwandani kwao hufungiwa kwa kufuli mpaka mapumziko. Shirika likachapisha, pamoja na jina la Mama. Wakili anaiita kashfa — kampuni “imeumia sana moyoni”. Sikujua kampuni ina moyo. Aombe radhi kwa maandishi kabla ya Ijumaa saa kumi, aseme mlango huwa wazi. La sivyo kazi hana, na mahakamani atapelekwa.
Nikamsomea mara mbili. Aliendelea kupiga pasi sare yangu.

Jumanne, 4 Machi
Maktaba. Kitabu cha sheria, kurasa bado zimeshikana. Nilivyoelewa: una uhuru wa kusema, mwenzako ana haki ya kulindiwa jina. Ukweli ni kinga — ila uuthibitishe mwenyewe. Nikamuuliza mwalimu wa uraia, kwa sauti ya mbu, itakuwaje mashahidi wote wakiogopa kufukuzwa. Akasema swali zuri, halimo kwenye mtihani.

Jumatano, 5 Machi
Nimeipata! Nyuma ya barua yetu, mwandiko wa tarishi wa wakili, akijitetea kwa kuchelewa: “Nimefika kiwandani saa tatu. Mlango una kufuli, ufunguo anao msimamizi. Mpokeaji ametolewa saa saba.” Na sahihi yake. Yaani katumwa kuleta barua inayosema mlango huwa wazi, akashindwa kuingia. Nimecheka mpaka Mama akadhani nalia.

Ijumaa, 7 Machi, saa tisa
Tarishi yuko sebuleni. Mtu mzima, shati limechomekwa vizuri, jasho tele. Kaleta nakala nyingine, nyuma nyeupe, anataka tubadilishane; ile aliyoiandika nyuma, anasema, ilikuwa ya ofisini kwao. Mimi nimejifanya nafanya hesabu.
Dada yangu, anamwambia Mama, ile ikifika mahakamani mimi nimekwisha, nina watoto.
Hata mimi ninaye, Mama akamjibu, huyo hapo anayejifanya hatusikii.
Anasema labda kufuli lilikuwa limening’inia tu. Mama kamsogezea kiti.
“Kaka, keti. Ulifungiwa nje, au hukufungiwa?”
Tarishi ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye hakimu — mimi ambaye hata jina langu likiitwa darasani naitika kwa kidole.
Barua iko chini ya daftari hili. Mama kaninyooshea mkono. Hajasema anaitaka ya nini.