Baiskeli Iliyopimwa kwa Gunia

Jumamosi jioni

Na bado anasema nitaizoea! Kiti cha baiskeli kimeshushwa mpaka mwisho, miguu yangu haigusi chini, halafu mjuzi wetu, shemeji yangu Danieli, anasema tatizo ni woga.

Nilimwambia kabla hajaenda mnadani: mimi mfupi, sijawahi kuendesha, chagua ndogo. Yeye akachagua kwa kupigia hesabu gunia la maharage. "Ndogo haibebi mzigo, shemeji." Kwani nimeomba ya kubebea maharage? Jumatatu naanza kuzungukia kaya, mhudumu mpya wa afya, na vilima hivi vya Maretadu... Naogopa, kusema kweli.

Leo nimeanguka mara tatu, na mara zote alisimama pembeni akinifundisha. "Angalia mbele! Kaza mikono!" Nikamkabidhi usukani. "Haya, panda wewe nione."

Akacheka. Akatazama njia. Akasema goti linamuuma.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua kichwa. "Danieli? Huyo hajapanda baiskeli tangu nimzae."

Na mimi juzi, alipofika kutoka mnadani akiisukuma njia nzima, nilimshukuru kwa kuitunza.