Mikono ya Austine Isigande

Angella, wacha kupiga pasi usome hii sasa hivi!

Si Mercyline anapanga ile safari ya nchi ya Georgia na mchumba wake Austine, wakaendeshe pikipiki za theluji mlimani kwa mara ya kwanza? Leo, Austine akiwa kando yake, amempigia video Nika, dereva wa pikipiki hizo kule, awaelekeze.

Nika akamuuliza Austine, "Theluji ikiporomoka imfukie Mercyline, utafanya nini?"

Jamaa akajibu, "Nitashuka hotelini niite watu."

Niite watu! Yeye aliyejaza status picha za helmeti aliyonunua dukani Satwa!

Nika akamwambia polepole, "Ukirudi na watu atakuwa ameshakufa. Unabaki hapo hapo, unachimba."

Austine akacheka. "Bro, si mikono yangu itaganda!"

Mikono yake, Angella! MIKONO YAKE!

Mercyline alimtazama kama mtu aliyekuta mende kwenye sahani. Hakulia, hakugombana. Alivua pete akamtia kiganjani. "Shika, ikupashe joto. Khalas, tumemalizana."

Kisha akamwambia Nika atakuja na mtu mwingine, asiyeogopa kuchimba. Ametaja jina lako. Tafuta glavu, dada.