Nukta Isiyojua Kunyamaza

Mjomba,

Salamu nilikutolea makaburini Ijumaa, basi hapa naingia moja kwa moja kwenye malalamiko. Nimechoka. Tangu tulipokuzika, ile ofisi ya malori ya Shimanzi, uliyoniachia kazi yako, imekuwa ya watu wasioambilika.

Unakumbuka uliponifunza kufunga vifaa vya setilaiti kwenye malori? Tulikuwa barazani kwako Kibokoni, umepanga vikombe vya kahawa kuwa ndizo setilaiti zenyewe. "Nne zakwambia lori liko wapi, mwanangu. Ya tano ndiyo ikwambiayo kama mna mwongo kati yao." Zikikosana, ulikitega kifaa kisitaje mahali popote, na kwenye skrini litokee neno moja tu: haijulikani.

Meneja mpya amelifuta neno hilo. Ati wateja hawalipi ili waambiwe haijulikani. Wanataka kuona nukta kwenye ramani. Sasa nukta ipo wakati wote, hata lori likiwa limebanwa katikati ya kontena, mawimbi ya setilaiti yanagonga vyuma na kupotea njia. Haijui, lakini inasema tu.

Na imemponza Mzee Karisa, yule dereva uliyekuwa ukila naye mahamri. Wiki iliyopita alikuwa kwenye foleni ya geti la bandari, hajasogea hata kidogo. Nukta ikamweka uani kwa godauni la watu, ng'ambo ya barabara. Kontena lake lilipofika, sili, ile lakiri ya mlangoni, ilikuwa imekatwa, basi akawa mwizi. Kesho ofisi inasikiza kesi yake, na mimi ndiye niliyeambiwa nilete ramani ya kumfukuzia kazi.

Juzi nilipanda lori lilelile, tukaegesha palepale, injini tukazima. Nukta ikahamia godauni, ikarudi, ikapanda paa la msikiti. Nikampigia meneja aje aone. Akanijibu setilaiti haisemi uongo. Mjomba, nilitamani kuirusha simu.

Na wewe pia sijamalizana nawe. Mtu aliyefunza mashine kukiri ubovu wake, kifua chamkaba siku nenda siku rudi, nasi tukimuuliza: "Mzima, alhamdulillahi." Mpaka mbele ya daktari ulisema mzima. Nakasirika, kisha nalia, kisha nakasirika tena. Sasa nikikwama nimuulize nani?

Haya, pumzika. Mola akupanulie hapo ulipo. Leo jioni nimerudisha ukaguzi wako wa setilaiti ya tano kwenye malori yote, na sikumwomba mtu ruhusa. Kesho meneja ataniuliza mbele ya wote lori lilikuwa wapi, nami nitamwambia kifaa hakikujua, na nitaeleza kwa nini. Chumba kimeshapangwa, na kiti changu kimewekwa ubavuni pake. Nakuahidi, Mjomba, nitakibeba mpaka upande wa Mzee Karisa.