Nyonga Zangu na Mbuzi ya Mama Mkwe

Jumapili, jioni. Hapa Kibaha kuna manyunyu; jua limechungulia saa kumi tukiwa njiani, kisha likarudi zake.

Nimelala chali kwenye kochi, chupa ya maji ya moto chini ya nyonga ya kulia. Nyonga zinauma na mimi nimefurahi. Shajara, nisikilize taratibu.

Hii ni wiki ya tatu tangu daktari anipunguzie tena steroidi, vile vidonge ninavyomeza huu unaenda mwaka wa pili, tangu kinga ya mwili wangu ilipoamua kuishambulia misuli yangu mwenyewe. Kila dozi ikishuka, nyonga zinakaza. Asubuhi natoka kitandani kwa awamu: kwanza miguu, halafu dua, halafu mimi. Hadi jikoni natembea kama bata. Ikifika saa mbili nimelainika, naingia ofisini kama mtumishi wa umma yeyote.

Daktari alinieleza vizuri. Kukaza kunaweza kutokea mwili unapozoea dozi ndogo. Cha kuogopa ni nguvu kupotea, maana hapo huenda ugonjwa unarudi, na ukirudi dozi itapanda. Alinionyesha na namna ya kujipima: kaa, kunja mikono kifuani, simama.

Sasa niungame. Wiki zote hizi sijajipima. Nesi wa kliniki aliponipigia kuniuliza hali, nilimwambia niko fiti. Ofisini nimeweka mto kwenye kiti na nasimama kwa kushika meza. Mume wangu, Rajabu, aliinua kitanda kwa matofali nilipokuwa naumwa sana, na nimemkataza asiyatoe. Mtu anayetafuta viti virefu kila aendako hataki kujua jibu.

Naiogopa dozi kubwa. Njaa isiyoshiba, hasira za bure, na lile lisura la mviringo ambalo majirani walilisifia wakidhani ndoa imenikubali.

Leo tulikwenda Kisarawe kwa mama mkwe. Kwake ndiko ugonjwa ulikojitangaza. Nilikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nikakuna mbili, kisha kusimama kukanishinda. Wifi yangu Tatu alicheka, akidhani natania. Mwisho yeye na Mama walininyanyua kwa kunishika makwapani, nami nikalia mbele ya wakwe.

Tangu siku ile nikifika napewa kiti cha plastiki. Mama yuko chini kwenye mkeka, mkwe wake yuko juu kama mgeni rasmi. Sijawahi kuzoea.

Leo niliingia jikoni kutafuta maji, nikakuta paketi mbili za tui la dukani. Jikoni kwa Mama! Huyu ni mwanamke anayesema tui la paketi ni maji ya kusuuzia sufuria.

"Wifi, nani kanunua haya?" nikamuuliza Tatu.

"Ni Mama mwenyewe. Siku ukija wewe, mbuzi inafichwa uvunguni kwake. Hataki uione ukaumia roho."

Muda wote huo nilikula wali wake bila kujua.

Niliweka bilauri yangu chini. Kisha nikamwomba Tatu akaitoe mbuzi, maana chumbani kwa mkwe siingii. Nikaenda nayo uani.

"Mama Zuhura, iache hiyo!" Mama, aliyekuwa akichagua mchele, alinipigia kelele kwa jina la mwanangu. "Unataka kuniua na presha?"

"Nazi moja tu, mama."

Kushuka kulikuwa kazi. Nyonga zilikataa kama mlango uliovimba kwa mvua, nikashuka kidogo kidogo hadi nikakaa. Nikakuna. Nilikuna kwa uangalifu mkubwa, mpaka kifuu kikabaki kitupu na sikuwa na kisingizio tena. Mama akauweka chini ungo wake. Tatu akasogea nyuma yangu, mikono tayari.

Nikakunja mikono kifuani.

Mara ya kwanza nyonga zilikaza katikati, nikarudi chini. Nilimwona Mama akifumba macho, na moyoni nikasema basi, ugonjwa umerudi. Nikavuta pumzi, nikaegemea mbele, nikasukuma tena. Nikayasikia mapaja yakishika. Makalio yalitangulia juu, na sura ilinikunjamana vibaya, lakini nilisimama na hakuna aliyenigusa.

Nguvu ninazo!

Mama hakunipongeza. Aliingia jikoni, akarudi na zile paketi mbili, akanipa mkononi.

"Hizi kapikie kwako Kibaha. Hapa kwangu hazipikwi."

Kisha akatugeuzia mgongo, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Wali wa leo ulikuwa na ile harufu niliyokuwa nimeisahau, na niliula nikiwa mkekani, ubavuni kwake.

Njiani Rajabu aliniuliza mara tatu kama naumia. Nikamjibu naumia, mara zote tatu, huku nacheka.

Kesho asubuhi nitampigia nesi. Nitamwambia kwamba ile fiti ilikuwa uongo, kwamba nyonga zinakaza, na kwamba leo nilishindwa mara ya kwanza nikasimama mara ya pili. Nazi moja si kipimo cha hospitali. Daktari aamue. Kilichoniondoka ni ile hofu ya kuulizwa.

Sasa hivi Rajabu kaniuliza kuhusu matofali ya kitanda, kama ayatoe. Nimemwambia atoe safu moja, nyingine aiache kwanza.

Tunashuka taratibu.