Mwito wa Padri Asiye na Mtoto

Mpendwa Padri,

Wazee wa ukoo wako walikuja kwangu juzi, wametembea kutoka Omugo, wakaketi uani bila kugusa maji niliyowapa. Hapo nikajua wamekuja na jambo la kifo. Wanataka nikupigie mwito wako.

Wanasema magereza yamefunguliwa tangu serikali ianguke. Waliokuwa wa kurudi wamerudi, wengine ngozi na mifupa tu, na wewe hukuwamo miongoni mwao. Barabara ya Koboko imejaa watu wenye magodoro vichwani. Kila mtu anakimbilia Kongo au Sudani kabla wenye kisasi hawajafika, kwa sababu sisi wa upande huu tunahesabiwa wote kuwa ndugu za mtawala aliyeondoka. Wazee wako nao watavuka. Lakini hawawezi kuvuka na kukuacha nyuma, si hai, si maiti.

"Mwalimu," mkubwa wao aliniambia, "Padri hakuzaa. Na watoto wa nduguye hatujui waliko. Mwenyewe alisema ni wewe."

Ni kweli ulisema. Mimi nilidhani unatania.

Barua hii naiweka wazi, kwa hiyo wacha niwaeleze wasio watu wetu. Kwetu kila mwanamume ana mwito wake, tunauita cere. Anautunga mwenyewe akiwa kijana: sauti ya juu, ndefu, yenye maneno machache ya kujisifu au ya kujicheka. Anaupiga akiwinda, akicheza ngoma, akirudi nyumbani ametoka kwenye pombe ya kwete, ili mkewe aweke chungu motoni. Mtu mwingine haruhusiwi kuupiga. Ni mrithi tu anayeupiga, tena mara moja, siku mwenyewe anapokufa. Ukiupiga mwito wa mtu aliye hai, umemuua.

Basi elewa, Padri, wameniomba nini. Wameniomba nikuue.

Na wamemwomba nani! Mtu ambaye hajapiga goti kanisani tangu ujana wake. Mtu aliyewaandikia maaskofu barua ambazo hawakuzijibu, akawaita wanafiki wenye pete. Nimesoma vitabu vya wanaomkana Mungu mpaka majalada yakaachia, na hakuna hata ukurasa mmoja ulionitisha. Uliyenitisha ni wewe, na baiskeli yako isiyo na breki.

Unakumbuka tulivyokutana? Ni mwaka ule jeshi lilipochukua nchi, na mji wa Arua ukanywa na kucheza kana kwamba kila nyumba imezaa rais. Katikati ya shangwe hiyo baba yangu alifariki. Paroko wetu wa wakati huo alikataa kumzika kwa sababu alikuwa na wake wawili. Alimtuma katekista kuja kutuambia, hakuja mwenyewe. Niliapa siku hiyo kwamba nikimwona mwenye kanzu nitamfukuza kwa mawe.

Wewe ukatokea, umetoka Lobule kwa baiskeli, bila kanzu, suruali imefungwa kamba kwenye vifundo. Ulishuka mteremko wa kwetu ukipiga mwito wako, kwa kuwa hukuwa na kengele. Wapwa wa baba, waliokuwa wakichimba kaburi, wakaacha majembe wakikushangaa.

Nilikusogelea. "Umekuja kumhukumu mzee wangu?"

"Hapana," ulisema ukifuta jasho. "Nimekuja kula. Kwenye msiba kuna chakula."

"Paroko wako amesema baba ni mzinzi."

"Paroko yuko kwake. Mimi niko hapa, na nina njaa. Jembe lingine liko wapi?"

Ukachimba mpaka kaburi likakuzidi kimo. Kisha ukaketi kwa wajane wote wawili, katikati yao, ukala kwenye sahani moja nao. Mimi kama mtoto wa kwanza nilipopiga mwito wa baba, katekista alisonya, akasema mambo ya kipagani hayo. Ulivua kofia yako ya majani.

"Mungu amemsikia mzee huyu akirudi na kwete yake kwa sauti hiyo tangu ujana," ulimwambia. "Ukimpelekea jina la ubatizo tu, atauliza: huyu ni nani?"

Siku hiyo sikurudi kanisani. Sikurudi hata baadaye. Lakini mawe niliyaweka chini.

Ulikuwa ukinijia baada ya kila makala yangu gazetini. Umeisoma, umeikunja, umeitia mfukoni. "Mwalimu, leo umempiga askofu vizuri," ulisema, "lakini umepiga kama mtu anayetaka aitwe ndani." Nilikasirika. Ulicheka, ukaomba muhogo. Kubishana nilikuzidi kila mara, na kila mara ulipoondoka nilibaki kama mtu aliyeshinda kesi akapoteza shamba.

Wahindi walipofukuzwa, ofisa mmoja alikuletea ufunguo wa duka pale Arua, zawadi ya serikali kwa kanisa. Ulinichukua tukaenda kulitazama. Rafu zilishachukuliwa, hata bawaba za madirisha. Ila jikoni sufuria ilikuwa bado mekoni na dengu ndani, zimeota ukungu. Uliinua sufuria ile, ukazimwaga dengu nje. Kisha ukaiosha, ukaifunika, ukafunga mlango, ukamrudishia ofisa ufunguo.

"Padri, hutaki nyumba?" alikuuliza.

"Ina wenyewe, afande. Walikuwa hawajamaliza kula."

Nchi nzima ilikuwa ikigombea funguo, wakiwemo watu wa komunyo ya kila Jumapili. Mimi, mwenye maneno makali kuliko wote, sikusikia siku hizo neno lililokuwa kali kama lile.

Halafu Feliksi, mdogo wangu.

Alikuwa fundi wa magari ya jeshi pale Koboko, hana cheo kikubwa wala siasa. Jeshi lilipoanza kuwala watu wa kabila letu likamla na yeye. Ulikuwa barabarani na baiskeli yako lori lilipokupita, limefunikwa turubai, na ndani yake mtu akapiga mwito. Ndivyo watu wetu walivyokuwa wakifanya ndani ya malori yale. Ukitaja jina lako kwa sauti, kwa Kiswahili, ungepigwa kitako cha bunduki, lakini askari wa mbali hakuujua mwito. Alidhani ni kilio. Aliye barabarani akiusikia alijua ni nani anayepita, akapeleka habari nyumbani.

Ulikuja kwetu ukisukuma baiskeli, hukuipanda. Mama alikuwa akitwanga mtama.

"Mama, nimemsikia Feliksi."

Mama hakuacha kutwanga. "Sauti yake ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzima."

"Basi yu mzima," alisema.

Tulikwenda Koboko, wewe na mimi. Pale lango la kambi uliketi chini, mavumbini, kofia magotini, nami nikasimama kando yako. Mlinzi alikuwa kijana.

"Wewe Padri nataka nini hapa?"

"Namtafuta mtoto wetu, mwanangu. Feliksi, fundi wa magari."

"Hapa hakuna mutu ya jina hiyo. Enda nyumbani, ombea kuku yako."

"Kuku nimeshawaombea asubuhi. Sasa nakuombea wewe."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nilipofungua mdomo ulinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua unayo, na hukuniachia. Mchana yule kijana alikuletea maji kwenye kopo. Ulimshukuru, ukamuuliza mama yake anaishi wapi. Jioni alikunong'oneza, "Padri, usikae. Lori ile ilienda. Haiko kurudi." Ndiyo tanzia pekee ambayo serikali ilitutolea.

Nilitaka kumpigia Feliksi mwito wiki ile ile. Mama akakataa. "Umemwona? Umemgusa? Usimuulie mtu mdomoni." Na wewe, Padri, ulimwunga mkono! Nilikufuata mpaka njiani nikakufokea: wewe na kanisa lako mnawalisha watu matumaini kama mnavyowalisha mikate isiyoshibisha. Mwambie ukweli!

"Ukweli gani, Mwalimu? Mimi nilisikia sauti. Sikuona kaburi."

"Kwa hiyo asubiri mpaka lini?"

"Sijui. Ila asisubiri peke yake."

Na hakusubiri peke yake. Kila mwezi ulikuja. Ulishuka mteremko ukipiga mwito wako, Mama akaweka chungu motoni, ukaketi kwenye kigoda cha Feliksi. Hukumwambia atarudi, na hukumwambia hatarudi. Ulichambua naye majani ya kunde. Nimewasoma wanafalsafa kuhusu mateso. Hakuna aliyewahi kuchambua majani.

Ni siku moja kama hiyo uliponiambia, mdomo umejaa simsim, "Mimi sina mtoto. Nikifa utanipigia wewe."

"Mimi si Mkristo."

"Ndiyo maana. Wakristo wataogopa askofu."

Mwito wako, Padri! Wasomaji wacheke kidogo kabla sijamaliza. Mtu mnyenyekevu kuliko wote niliowajua alikuwa na mwito wa majivuno: *Nani atanisukuma?* Uliutunga ukichunga mbuzi, baada ya wakubwa kukusukuma mtoni, na mpaka mvi zinakuota uliona haya kuueleza. Ulisema ni dhambi ya ujana ambayo hukuwahi kuiungama kwa sababu uliipenda.

Miaka miwili iliyopita, wakati nchi ilipoanza kuwala hata viongozi wa dini, ulikwenda tena kwenye lango la kambi, safari hii kwa ajili ya watu wengine wa parokia yako. Hukunipitia. Najua kwa nini. Ningefungua mdomo, na hukuwa na mkono wa tatu wa kunishika.

Aliyeleta habari ni Mama Zainabu, Mnubi wa Arua anayeuza samaki wakavu kwenye soko la Inde. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, amejifunika uso kwa hofu ya wapelelezi.

"Mwalimu, lori napita sokoni. Ng'ombe nafunga njia, lori nasimama kidogo. Mimi nasikia yeye. Padri iko ndani."

"Ulijuaje ni yeye?"

"Mimi najua. Yeye kila siku nafika soko na kelele ile, watoto nacheka. Sasa napiga namna ile ile, lakini hakuna mutu nacheka." Kisha akaongeza, "Mimi nasoma Fatiha. Si vibaya?"

Si vibaya, nilimwambia. Mimi, nisiyeamini chochote, nikamwambia si vibaya.

Tangu siku hiyo, Padri, nimekuwa mama yangu. Nilisema sikuona kaburi. Nilisema ilikuwa sauti nzima. Nilikuwa na kila hoja niliyokufokea kwayo njiani, imegeuka, inanitazama mimi. Ndiyo maana wazee wako walipokuja niliwafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Na paroko wa sasa akatuma salamu: misa ya kukuombea ataisoma, mradi kelele za kipagani zisisikike kwenye ardhi ya misheni. Mtu wao alipita Inde chini ya turubai akimpigia Mungu mwito wake, naye analinda nyasi za uani!

Hasira hiyo ndiyo iliyoniinua, nakiri. Nilikwenda leo mchana juu ya mteremko wa kwetu, pale ulipokuwa ukiachia kanyagio. Si ardhi ya misheni, ni ya baba. Wazee wako, niliowaita warudi, walisimama nyuma yangu. Nilivua kofia. Nilidhani sauti haitatoka, ilitoka. *Nani atanisukuma?* Ilishuka bondeni, na watu wenye magodoro kule barabarani wakasimama. Mzee wenu mmoja akasema taratibu, "Basi." Wakakusanya fimbo zao, wakashika njia ya Kongo.

Nilishuka peke yangu. Uani nikamkuta Mama ameweka chungu motoni. Ugali ulikuwa umeshaiva, majani ya kunde yana simsim, na kigoda cha Feliksi kiko nje, kimefutwa vumbi.

Nikaogopa kwamba akili imemtoka. "Mama, hajaja. Ni mimi niliyepiga."

"Nimekuzaa, sauti yako siijui?" alisema. "Lakini mwito ni wake. Ukipigwa, chakula huwekwa. Kaa ule."

"Hapo?"

"Hapo."

Nilikalia kigoda ambacho hakuna aliyekikalia tangu uondoke. Alinitazama nikila mpaka nikamaliza, kisha akaichukua sahani na kuiosha. Akiwa amenipa mgongo akasema, kama mtu anayemtuma mtoto kuni, "Kesho utampigia mdogo wako. Nimeshaloweka mtama wa kwete ya msiba."

Hakulia. Nililia mimi, niliyetaka tangu zamani aambiwe ukweli.

Kwa hiyo nakuaga, Padri, jioni hii, kabla mtama haujaumuka. Sijaongoka, usijisifu huko uliko, kama kuna huko. Sina sala ya kukupa. Nina sauti tu, nimeitumia kwako leo, na kesho lazima ibaki ya kumtosha Feliksi. Kama mko pamoja, mwambie asishtuke akiisikia. Mwambie nyumbani chungu kiko motoni.

Kwaheri.

Mimi, mrithi wa mwito wako.