Sanduku la Tatu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Wamelifukia leo katikati ya mikorosho yetu hapa Likunja. Sanduku la kunasa mitetemo, waya, paneli ndogo ya sola. Mtaalamu wa matetemeko, Methodius, ametoka Dar. Alieleza: tetemeko hutuma mawimbi mawili, la haraka na la polepole. Ukijua la pili limechelewa kiasi gani, umepata umbali. Na mawimbi hayo yakipita kwenye miamba, yanaonyesha chini kulivyo. Sanduku moja liko Nachingwea, moja Matambarale, la tatu kwetu. Alimwomba baba ruhusa, baba akakubali. Nilikuwa na maswali chungu nzima — sikuuliza hata moja. Mjinga mimi.

Jumapili, 3 Agosti

Mjomba Harithi kaja amefura. Hata salamu hakuna. Shamba ni la upande wa mama, msemaji wake ni yeye, na hakuna aliyemwuliza! Baba kaketi pembeni, kama mgeni. Nikajikaza, nikasema wanapiga tu picha ya miamba. Hapo ndipo nilipoharibu. Mjomba akasema ndivyo wanavyoanza: leo picha, kesho vigingi, keshokutwa mnahamishwa, watu wachimbe madini. Namchukia. Na vigingi vipo kweli, shambani kwa mama mkubwa. Hilo nalichukia zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Tetemeko! Asubuhi, tukiwa mstarini shuleni. Vioo vya ofisi vilitetema, kisha kimya. Nilifurahi — Mungu anisamehe. Kufika mchana kila mtu anasema sanduku letu ndilo limelileta. Swaumu amehama dawati langu. Anasema kwetu tumeiuza ardhi mpaka inapiga kelele. Darasa zima likacheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Madam Ritha wa fizikia kampigia Methodius. Masanduku mawili ameshayasoma, akatutajia umbali. Nikachora kwa bikari kwenye ramani. Maduara mawili, yanakatana sehemu mbili: moja upande wa pili wa Nachingwea, mbali nasi, nyingine Narung'ombe, hapa hapa. Bila sanduku letu hakuna ajuaye ni ipi. Anakuja kulisoma Jumamosi.

Nimemwambia Mjomba asubiri, sanduku lenyewe litasema tetemeko limetoka wapi. Akaniuliza ni mtuhumiwa gani anayejitolea ushahidi mwenyewe akaaminiwa. Nikakunja ramani yangu, nikaondoka. Naona aibu kwamba niliondoka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Wanaume wametoka msikitini, wamepitia majembe, wamekuja moja kwa moja. Nimekaa juu ya mfuniko wa sanduku. Naandika hapa hapa.

"Inuka, mpwa wangu," kasema Mjomba.

"Kesho anakuja kulisoma. Kesho tu."

"Kesho ya nani?"

Wameanza kuchimba pembeni, wananizunguka. Mmoja anauliza kama nimeolewa na hili sanduku. Wanacheka. Kila pigo la jembe linanipanda mgongoni. Sanduku nalo linalisikia, linaliandika. Wajinga! Wanajiandika wenyewe.

Baba anakuja! Nilijua atakuja.

Ana jembe. Hanitazami. Amesimama mbele ya Mjomba, amevua kofia — anaomba ruhusa ya kuchimba.